Kabla Hujamkata Mshahara, Liangalie Lile Sikio

Wadogo zangu, leo nilipanga tuzungumze mambo mengine, lakini kuna ujumbe umenikaa rohoni tangu Jumatatu. Mdogo wetu mmoja wa Dar es Salaam anasema rafu ya mlangoni mwa friji yake, ile ya kuwekea chupa za maji, imekatika sikio. Aliyefungua mlango ni binti anayemsaidia kazi. Ameulizia spea, akaambiwa kwa friji ya aina ile haipatikani. Amebandika kwa supa gluu mara tatu, na mara tatu imebanduka. Ya mwisho chupa zote zilikwenda chini saa tano za usiku, mtoto akashtuka usingizini. Sasa anauliza mambo mawili: gundi ipi inashika kweli, na je, akimkata yule binti mshahara atakuwa amekosea?

Nianze na la pili, maana ndilo lililoninyima usingizi.

Mdogo wangu, chukua kile kipande kilichokatika, nenda nacho dirishani penye mwanga. Tazama pale palipovunjika. Plastiki ngumu ikivunjika kwa pigo moja, uso wake hung'aa wote, safi kama kigae kipya. Iliyochoka kidogo kidogo huwa na hadithi nyingine: sehemu kubwa ya ufa imefifia, imeingia uchafu, pengine rangi ya hudhurungi kama ukingo wa kikombe cha chai, na ni kona ndogo tu inayong'aa. Kona hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki imebeba mzigo peke yake. Ukiona uchafu ndani ya ufa, basi ujue ufa ulikuwapo wiki nyingi kabla ya siku ile. Chupa tatu za lita moja na nusu ni kilo nne na nusu, zimening'inia kwenye masikio mawili, na kila mlango unapobamizwa zinaruka na kurudi. Mmebamiza wewe, mumeo, watoto na wageni. Binti alitokea tu kuwa wa mwisho. Usimkate hata senti.

Na hata kama uso wote unang'aa, bado nakuomba usimkate. Ila nenda kaangalie kwanza, maana nina hakika utakuta ule uchafu.

Sasa gundi. Haya mambo ya kubandika vitu vya nyumbani nayapenda kwelikweli, na huwa naumia nikiona friji nzima au mashine nzima imetupwa jalalani kwa sababu ya kipande kisichojaa kiganja. Lakini gundi ina masharti yake, na sharti la kwanza ni kujua una plastiki gani mkononi. Sisi tunasema “plastiki” kana kwamba ni kitu kimoja. Ni kama kusema “samaki”. Dagaa ni samaki na papa ni samaki, lakini nani anawapika namna moja?

Geuza kipande, tazama upande wa ndani. Mara nyingi kuna herufi ndogo zimepigwa chapa: PP, PE, PS, ABS. Au kuna pembetatu ya mishale yenye namba katikati. Namba zile zilianzishwa Marekani mwaka 1988 kwa ajili ya wachambuaji taka, lakini sisi wabandikaji zinatufaa vilevile: 2 na 4 ni jamii ya PE, 5 ni PP, 6 ni PS, na 7 ni mchanganyiko wa nyinginezo, humo ndimo ABS huingia. Hukuona alama yoyote? Chukua kibanzi kidogo, kama punje ya mchele, kitose kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Sabuni ni muhimu, bila hiyo kibanzi kinaweza kukaa juu ya maji kwa ujanja tu. Kikielea hata baada ya kukizamisha kwa kidole, basi ni PP au PE. Kikizama, kwa kawaida ni PS au ABS au jamaa zao, na hapo una bahati, kwa sababu hao wanakubali gundi.

Wanaoelea ndio wasumbufu. Ndoo, mabeseni, madumu, mabirika mengi ya umeme, pipa la mashine nyingi za kufulia: zote hizo ni jamii ya PP na PE. Mmewahi kuona maji ya mvua juu ya jani la magimbi? Yanajikunja kuwa vidonge na kuteleza, jani linabaki kavu. Gundi ikikutana na PP inafanya vivyo hivyo. Inakauka, unaona imeganda, unafurahi, kisha unaibandua kwa ukucha ikiwa nzima kama ganda. Gundi haikuwa feki na muuzaji hakukudanganya. Plastiki yenyewe ndiyo iliyoikataa. Zipo gundi za pekee zinazouzwa pamoja na kalamu yenye dawa ya kupaka kwanza, na hizo zinasaidia, lakini si kila duka linazo.

Kwa jamii hii mimi naamini zaidi njia za kale. Bibi yangu kibuyu kikipasuka hakukitupa. Alitoboa matundu pande zote mbili za ufa kwa msumari wa moto, akashona kwa uzi mgumu, kisha akapaka nta juu ya mshono. Beseni la PP linashonwa namna ileile, kwa waya mwembamba au uzi wa kuvulia samaki, halafu unapitisha chuma cha moto juu ya mshono plastiki iyeyuke na kuuzika. Wale mafundi wanaozungusha ndoo na mabeseni mitaani wanaijua kazi hii kuliko mimi, wapeni kazi. Ukiifanya mwenyewe, fanyia uani penye upepo. Na ikiwa plastiki ina namba 3, yaani PVC kama ya mabomba, usiichome kamwe, moshi wake unachoma mapafu.

Jambo moja kuhusu ufa, kabla sijasahau. Ufa kwenye plastiki unatembea. Leo umefika hapa, kesho umesogea nusu kidole. Kabla hujafanya lolote, tafuta mwisho wake kabisa, pale unapopotea machoni, utoboe kijitundu cha mviringo kwa sindano nene ya moto. Ncha kali ya ufa ndiyo inayoukata mbele, ukiifanya duara inakosa makali. Kisha ndipo uzibe.

Turudi kwenye friji ya mdogo wetu. Rafu zile zinazopenya mwanga, ngumu, ukizigonga kwa kucha zinalia kama kioo, kwa kawaida ni PS, kwa jina refu polistirini. Supa gluu inaipenda sana polistirini. Kwa nini basi imebanduka mara tatu?

Nadhani nakuona ulivyofanya. Umekamua gundi ya kutosha, ikafurika pembeni, ukabana kwa mkono hadi ukachoka, na jioni ileile chupa zikarudi mahali pake. Mara ya pili ukapaka juu ya gundi ya zamani. Mara ya tatu vivyo hivyo, sasa kuna tabaka tatu.

Supa gluu haikauki kama rangi ya ukutani. Inaganda kwa unyevu, ule mvuke mdogo uliopo hewani na juu ya kila kitu tunachokigusa. Ndiyo maana tabaka jembamba linaganda kwa sekunde na tone nene linabaki majimaji katikati hadi kesho. Mwaka 1942 mkemia wa Marekani, Harry Coover wa kampuni ya Eastman Kodak, alikuwa anatafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki, akakutana na kitu hiki, akakiacha kwa sababu kilinata kila mahali. Mwaka 1951 yeye na mwenzake Fred Joyner walikirudia wakiwa katika kazi nyingine kabisa, ndipo wakatambua kuwa kule kunata ndiko kulikokuwa mali yenyewe. Kikaingia sokoni mwaka 1958. Kile kilichomuudhi Coover bado ndicho kinachotutesa jikoni: inanata haraka mno kabla hujaweka vitu sawa, na haijazi pengo. Sehemu mbili zikigusana kama meno ya zipu inashika, zikiachana kwa unene wa karatasi inakuwa dhaifu.

Kwa hiyo sasa tufanye hivi. Chomoa rafu yote mlangoni, iache mezani iishe ubaridi, hadi itoke jasho na kukauka. Gundi ya zamani ikwangue taratibu kwa wembe, ukiulaza, usichimbe. Najua kuna atakayesema tumia rimuva ya kucha, maana asetoni inaiyeyusha supa gluu. Ni kweli inaiyeyusha, lakini polistirini na ABS nazo inaziyeyusha. Utaona rafu inageuka nyeupe na kuota nyufa kama ardhi ya kiangazi. Wembe na subira tu. Kisha osha kwa sabuni ya maji, suuza, acha ikauke kabisa, na mwisho futa mahali pa kubandika kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, pasibaki mafuta. Mafuta ya kupikia hayaharibu gundi peke yake, yanaidhoofisha hata plastiki yenyewe. Mafuta ya ganda la chungwa ni mabaya zaidi kwa polistirini. Chupa ya mafuta inayovuja na nusu ya chungwa visikae kwenye rafu hii tena.

Sasa jaribu kavukavu. Rudisha sikio mahali pake bila gundi, sikiliza vidole vyako. Utahisi linapoingia na kutulia. Rudia mara mbili tatu hadi mkono uzoee, kwa sababu ukishapaka hupati nafasi ya kuhangaika. Usipige msasa pale palipovunjika, zile nundu ndogo ndizo meno ya zipu. Weka tone moja upande mmoja. Tone moja tu, mdogo wangu. Ingiza, bana kwa nguvu ya wastani, hesabu hadi sitini pole pole, halafu funga kwa raba au kibanio cha nguo na uondoke.

Hapo wengi hukoma, na kwa sikio linalosaidia kubeba kilo nne na nusu haitoshi. Sikio linahitaji mgongo. Mna kasha la CD la zamani, lile gumu linalopenya mwanga? Hilo nalo ni polistirini, ndugu wa damu wa rafu yako. Kata kipande kama kucha ya dole gumba, ukichore kwanza kwa kisu mara kadhaa ndipo ukivunje, maana mkasi utakipasua. Kiweke upande wa ndani, kikivuka ule mstari wa kuvunjika kama plasta inavyovuka kidonda. Hapa sasa msasa unaruhusiwa, kwangua nyuso zote mbili hadi zififie. Na gundi ya hapa iwe ile ya mirija miwili, inayochanganywa. Kamua sawa kwa sawa juu ya kipande cha kadibodi, koroga dakika nzima kwa kijiti hadi usione michirizi, kisha paka. Kuna inayoganda kwa dakika tano na kuna ya kusubiri hadi kesho. Nunua ya kesho, ndiyo yenye nguvu. Vaa glavu au hata mfuko wa nailoni mkononi, kwa sababu gundi hii ikizoea kugusa ngozi inaleta upele, na ukishakuanza hauachi kirahisi.

Acha saa 24 kamili. Usijaribu kwa kidole baada ya saa moja “kuona kama imeshika”, hapo ndipo kazi nyingi huharibika.

Mwenye plastiki isiyopenya mwanga, ABS, kama fremu ya televisheni au mwili wa feni, ana njia nyingine nzuri kwa pengo lililopoteza kipande. Nyunyiza soda ya kuokea, ile unayotia kwenye keki, kwenye pengo, kisha dondosha supa gluu juu yake. Inaganda papo hapo kuwa ngumu kama jiwe, unaweza kuipiga tupa na kuipaka rangi. Ongeza tabaka jembamba, tone, tabaka jingine, tone. Inatoa moshi mkali kidogo, geuza uso.

Naomba sasa mnisikilize kama mama yenu, si dada. Kuna vitu havibandikwi. Jagi la blenda lenye ufa halibandikwi: gundi hizi hazikutengenezwa kukaa kwenye juisi ya mtoto, na mtikisiko utaifungua tu. Birika la umeme halibandikwi, joto linailegeza supa gluu na maji yakifika kwenye umeme hakuna wa kukusamehe. Plagi iliyopasuka, soketi, mshikio wa pasi, vyote hivyo badilisha. Panga la feni lililopasuka usiliguse kwa gundi yoyote ile, hata fundi akikuhakikishia. Tone la ziada upande mmoja linatosha kulifanya liyumbe, na likikatika linaruka kama jiwe la manati. Nunua mapanga mapya, au kaa bila feni wiki mbili hadi upate pesa. Na chochote unachokibandika, chomoa plagi kwanza. Kuzima swichi peke yake siyo kuchomoa.

Kwenye friji niongeze hili. Wanaochokonoa barafu kwa kisu, acheni. Ukitoboa bomba la ndani hakuna gundi ya nyumbani itakayokuokoa, na friji nyingi za siku hizi zina gesi ya R600a, ambayo inashika moto. Stika ya nyuma itakuambia. Ukisikia ikipuliza, usiwashe kitu wala kuzima kitu, fungua madirisha, toa watoto, mwite fundi friji.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ndogo mno. Mashine ya kufulia ya matangi mawili ya mama yangu ilikaa miezi kadhaa bila kutumika kwa sababu kile kidude cha kuzungushia muda kilikuwa kinazunguka bure. Mama akarudi kufua kwa mkono, na mgongo wake tunaujua. Nilipokivuta nikaona shingo yake ya nyuma, kale kabomba kanakovaa chuma, kamepasuka kwa urefu. Kikivaa chuma kinapanuka, hakishiki. Nilikifuta, nikabana ufa kwa supa gluu tone moja, kisha nikazungusha uzi wa nailoni kuzunguka ile shingo, mizunguko kumi na miwili imebanana kama kamba kwenye mpini wa jembe, na tone jingine juu ya uzi. Uzi uwe wa nailoni, siyo wa pamba. Pamba ikikutana na supa gluu inapata joto la ghafla, inaweza hata kukuunguza, ndiyo maana pia hatufuti gundi iliyomwagika kwa pamba. Kwenye kile chuma cha mashine nikapaka mafuta ya mgando kidogo, kidude kisije kikagandana nacho siku zijazo. Niliposukuma kidude mahali pake na kuzungusha, taimu ikaanza kulia tiki tiki tiki. Mama alikuwa jikoni. Akaja akasimama mlangoni, mkono una unga, hakusema kitu, akaenda moja kwa moja kuleta mashuka.

Usalama wa gundi yenyewe nisiuache. Vidole vikigandana usivute kwa nguvu, utabandua ngozi. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha bingirisha taratibu kama unazungusha kalamu kati ya vidole. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi, usilazimishe kope kufunguka, nendeni hospitali mara moja. Na kichupa cha gundi kisikae kabatini pamoja na dawa ya macho. Vinafanana kwa umbo, na usiku taa ikiwa imezimika mkono hauchagui. Watu wameumia hivyo.

Cha kuhifadhia kichupa cha gundi ni chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Sisi wa pwani hewa yetu ina maji, kichupa kikiachwa wazi kinageuka jiwe upesi. Ndugu zetu wa Dodoma wakati wa kiangazi wana shida ya kinyume, gundi inachelewa kuganda. Pumzi moja ya mdomo kwenye sehemu ya kubandikia kabla ya kupaka inasaidia.

Kwa hiyo mdogo wangu wa friji, Jumamosi hii mkae meza moja wewe na yule binti. Mwoneshe ule ufa na uchafu wake, mwambie umegundua kuwa si yeye aliyelivunja sikio. Yeye ashike rafu, wewe upake, maana kazi ya sikio inataka mikono minne. Jumapili jioni rudisheni rafu mlangoni. Siku ya kwanza wekeni pakiti ya maziwa na limao, chupa kubwa zikae rafu ya chini kabisa ndani ya friji, na ikiwezekana zibaki hukohuko moja kwa moja. Mwisho wa mwezi mhesabie mshahara wake wote, mkononi, siku ileile mliyokubaliana.